Moshi wa Buluu Uwanjani Mqwashini

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, siku ya mechi, mashine ya kukata nyasi ya klabu ya kriketi ya Mqwashini ilitema moshi wa buluu, ikakohoa mara tatu, ikanyamaza. Ilipofika saa moja kasoro dakika ishirini, mwenyekiti Booi alikuwa ameshapata mhalifu.

"Mzee huyu ameiua," alimwambia Nomalizo, fundi wa mashine aliyeitwa mbiombio. "Analewa, anajaza oili ovyo. Leo ndiyo mwisho wake hapa."

Mzee Mzimasi, mtunza uwanja kwa miaka kumi na tisa, alisimama mlangoni mwa stoo akiikunjakunja kofia yake. Nomalizo alikereka. Mtu aliyetumika miaka kumi na tisa hafukuzwi kama kuku aliyeingia jikoni.

Njiani alikuwa amepita nyumbani kwa Booi. Hema la sherehe lilikuwa limeshasimama, maana kesho yake mwanawe angerudi kutoka jando, na mbuzi walirandaranda kwenye ua uliokatwa nyasi ukapendeza. Wakati ule aliwaza pombe ya sherehe tu, kama imeiva.

"Mechi ni saa nne. Nipeni nusu saa," alisema. Kisha akamgeukia mzee na kumwita kwa jina la ukoo wake, kama heshima inavyotaka. "Mpinga, oili uliipima lini?"

"Jana saa tisa alasiri, mama. Ilikuwa kwenye alama ya juu. Nikafunga kofuli, nikaenda zangu."

Nomalizo alichomoa kijiti cha kupimia. Oili ilikuwa chini ya alama ya chini. Akafungua plagi, ikatoka nyeusi, imelowa chepechepe.

"Si unaona?" Booi alidakia. "Injini imechakaa, inakunywa oili. Uzembe wake huo."

"Injini iliyochakaa hunywa kidogo kidogo, Jwarha, wiki hadi wiki. Haiamki usiku ikamaliza chupa peke yake," Nomalizo alimjibu, naye akimwita kwa jina la ukoo.

"Basi ni huyu." Booi alimnyooshea kidole Lwandile, nahodha wa wageni, aliyekuwa amewahi kufika. "Jana alionekana kwenye uzio."

Lwandile alicheka. "Nilikuja kuuona uwanja, kama nahodha yeyote. Mwaka jana tuliwachapa nyasi zenu zikiwa nzuri. Nihangaike na mashine ya nini?"

Nomalizo alikagua kofuli. Halikuwa na mkwaruzo hata mmoja. "Funguo ziko ngapi?"

"Mbili," alijibu Mzimasi. "Mmoja wangu, mwingine wa mwenyekiti."

Akafungua chujio la hewa, akaliminya sponji lake. Oili ikamchuruzika vidoleni, naye akatabasamu.

"Oili haipandi huku yenyewe. Mashine hii imelazwa ubavu, chujio likiwa chini. Oili ikatiririka mpaka kwenye silinda, ikalowesha plagi. Lakini tazameni sakafu, kavu kabisa. Haikulazwa humu."

Aliiinamisha mashine, safari hii chujio likiwa juu, akakwangua chini karibu na kisu. Vilidondoka vipande vya nyasi ndefu, pana, na vinyesi vya mbuzi vilivyokatwakatwa.

"Mpinga, mbuzi huingia uwanjani?"

"Tangu uzio uwekwe hajaingia hata mmoja."

"Jwarha, tufungulie buti la gari lako."

"Lina vyombo vya sherehe."

"Tutaviona hivyo vyombo."

Lwandile alisogea, kicheko kimemkauka. Booi akafungua. Chini ya masufuria palikuwa na mkeka wenye doa la oili upana wa sahani, bado bichi.

"Juzi nilikuwa kwako nakoroga pombe," Nomalizo alisema. "Nyasi zilikuwa magotini."

Booi aliketi ukingoni mwa buti. "Mwanangu anarudi mwanamume. Nimpokee porini, mimi mwenyekiti? Kwenda niliilaza upande mmoja, ikawaka vizuri. Kurudi giza lilikuwa linaingia, nikailaza ilivyokuja."

"Kwa nini hukumwomba Mpinga akakukatie?"

Alijibu mzee.

"Kwa sababu mwezi wa tatu niliiomba mimi, nisafishe mahali pa kumzika mke wangu. Akasema mashine ya klabu haivuki uzio."

Nomalizo aliimalizia hasira yake kwenye kazi. Alilifua chujio kwa petroli, akalikamua, akaisugua plagi kwa brashi ya waya, akaongeza oili. Akavuta kamba. Moshi ulitoka mzito, ukapungua, ukaisha, na injini ikanguruma safi. Ilikuwa saa moja na nusu. Lwandile alipiga makofi kana kwamba mashine ni ya kwao.

"Mpinga, nisamehe," alisema Booi kwa sauti ya chini. "Endelea na kazi yako."

Mzee alivaa kofia, lakini hakugusa mpini.

"Sukuma wewe. Anzia upande ule. Jioni utaipeleka nyuma ya kanisa, kuna kaburi limefunikwa na nyasi mpaka kiunoni."

Alipiga hatua mbili, akasimama.

"Na uibebe wima."