Chupa Isiyooshwa

Jeli ilikuwa inanuka. Mpiga picha za altrasaundi aliisogeza chupa puani, akakunja uso: uvundo wa nyama iliyosahaulika kwenye mfuko wa plastiki. Katika chumba kile chupa haikuoshwa hata mara moja. Jeli ikikaribia kuisha, waliongezea mpya juu ya mabaki, mwaka nenda mwaka rudi. Uvivu mtupu, tena wa watu wenye vyeti ukutani!

Kitandani alilala mama yake mdogo, aliyemlea tangu utoto. Hedhi yake ilikoma zamani, lakini sasa damu ilikuwa inamtoka tena. Picha mbili za mwanzo zilikuwa safi, na daktari wa upasuaji alishasema, "Ya leo nayo ikiwa safi, aende nyumbani. Sipasui mtu kwa kuhisi." Mpiga picha akampaka jeli ileile tumboni, akaanza kupima.

"Mwanangu," mama mdogo alinong'ona, "mbona jeli yako inatambaa?"

"Tulia, mama. Ni majimaji tu."

Majimaji gani! Ilikuwa imejikusanya chini ya kitovu, inatoa mapovu, na ndani ya mapovu zinaelea nywele na vipande vya kucha. Kwenye skrini uvimbe ulionekana mara moja, mnene, umeshika ukuta wa mji wa mimba, kisha ute mweusi ukateleza ndani ya picha, ukaulamba uvimbe ule taratibu, ukaufunika mpaka pote pakawa safi, huku chupa pale mezani ikifyonza, nyap, nyap, kama kibogoyo na mfupa wake, na uvundo ukamjaa mpiga picha kinywani hata mate yakawa mazito, hayamezeki wala hayatemeki.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," mama mdogo alisema huku akiikodolea macho skrini, "lakini mimi sijaficha kitu! Ni hili jini linanifichia, lipate kunila vizuri."

Hapo hasira ikaizidi hofu. Mpiga picha aliichota jeli kwa mikono mitupu, nayo ikamng'ang'ania vidoleni na kupenya chini ya kucha. Akaitumbukiza kwenye ndoo ya klorini, pamoja na chupa yenyewe. Ndoo ikacheua, ikatulia. Alimwosha mama mdogo tumbo kwa sabuni, akafungua chupa mpya, akapima upya. Uvimbe ulikuwa palepale, na haujavuka mji wa mimba.

"Huu nautoa wote," daktari alisema alipoiona picha. "Mmewahi."

Mama mdogo alilia kwa furaha, akambusu mwanawe viganja. Kisha akakunja pua kidogo.

Mpiga picha alibaki kwenye sinki, akisugua mikono mpaka ikachubuka. Uvundo haukutoka. Tumbo likaanza kumsokota. Alifunga mlango, akajilaza kitandani, akajipaka jeli mpya na kujipima.

Picha ikatoka safi. Akashusha pumzi, na kutoka chini ya kitovu chake akasikia: nyap, nyap.