Honi Iliyonyamaza

Duka la vifaa vya mashua katika Mtaa wa Ashland lilikuwa linafunga milango yake kwa mara ya mwisho, na nusu ya Chicago ilikuwa imekuja kulizika. Ilikuwa Jumamosi ya Februari. Theluji iliyeyuka kutoka kwenye viatu vya wateja, watu walipigana vikumbo kati ya rafu, na kila kitu kiliuzwa nusu bei. Halina Wrobel, ndani ya koti jekundu la sufu na kofia iliyomfunika hadi kwenye nyusi, alifika kwenye rafu ya honi akaikuta tupu. Mikebe miwili ya mwisho, ile ya gesi inayolia ikibonyezwa, ilikuwa mikononi mwa mwanamume mrefu mwenye ndevu fupi na kalamu tatu mfukoni.

"Samahani, kaka. Zote mbili ni zako?"

"Nimezishika, kwa hiyo ni zangu."

"Za nini, jamani?"

"Mimi ni kocha wa timu ya mashua za tanga, Sekondari ya Halloran. Watoto wale ukiwaita kwa majina hawasikii. Honi wanaisikia."

"Na mimi nasimamia mashindano ya shule za sekondari mwezi wa Mei. Bila honi, hao watoto wako hawataanza kabisa."

Mwanamume alimtazama kuanzia kofia hadi viatu. "Kumbe wewe ndiye bosi mpya! Nilitarajia mzee mwenye kitambi."

"Mimi nilitarajia kocha mwenye adabu."

Akacheka, akamkabidhi mkebe mmoja. "Haya, chukua. Ila siku utakapoipigia honi hii mashua yangu, ukumbuke nani alikupa."

"Nikiipigia mashua yako, itakuwa imekosea."

Halina alifungua mfuko wa karatasi aliotoka nao kwenye duka la mikate la Wapolandi, akamtolea andazi nene lililojaa jamu. "Sipokei rushwa. Tunabadilishana."

Jina lake lilikuwa Efraín Cordero, na alifundisha kemia. Sukari ya andazi ilibaki kwenye ndevu zake mpaka walipofika kwa mwuzaji. Halina aliiona tangu mwanzo. Hakumwambia.

Kufikia Aprili Halina alikuwa akimwita Mwalimu, naye akiitwa Bosi. Efraín alimletea tamale za mama yake, unga wa mahindi uliojazwa nyama, zikiwa bado na mvuke ndani ya kitambaa. Halina, mhandisi wa madaraja ya mto, alimwonyesha jinsi daraja la tani elfu linavyoinuka kwa nguvu ndogo likiwa limepimwa uzani sawasawa. Walipendana kama watu wazima wanavyopendana: kwa haraka moyoni na kwa tahadhari mdomoni.

Tahadhari ilikuwa na sababu. Mashindano yale yalikuwa ya kwanza kwa Halina kuyasimamia. Shule kumi na mbili zingegombea nafasi mbili tu za fainali za taifa. Halloran, shule ya serikali ambayo wanafunzi wake walipanda mabasi mawili kufika ziwani, haikuwahi kupata nafasi hiyo kwa miaka kumi na mmoja. Halina aliiandikia kamati ya klabu barua, akaeleza wazi kwamba mmoja wa makocha ni mpenzi wake. Kamati ilimwachia kazi. Kisha akaweka sharti lake mwenyewe: kuanzia Ijumaa jioni hadi makombe yatolewe, yeye na Efraín wasizungumze.

"Hata salamu?"

"Hata salamu, Mwalimu."

"Na nikizama?"

"Nitatuma boti ya uokozi. Itakusalimia kwa niaba yangu."

Halina aliandika pia maagizo ya wafanyakazi wote, kurasa nne, kila jambo na mahali pake. Nukta ya tatu ilihusu honi. Gesi ya mkebe hupoa kila inapotoka, na mkebe uliopoa sana hupoteza sauti. Kwa hiyo mkebe ubadilishwe kila baada ya mbio tano. Sanduku lilikuwa na mikebe sita. Mmoja tu ulifungwa utepe mwekundu, nao ulikuwa ule wa Ashland.

Jumapili ya Mei upepo ulitoka kaskazini mashariki, na maji ya Ziwa Michigan yalikuwa ya kuuma vidole. Kila baada ya mbio tano Bibi Odegaard, karani wa saa mwenye miaka sabini na miwili na kinasa sauti shingoni, alimnyooshea Halina mkebe mwingine.

"Badilisha, mwanangu."

"Huu bado mzima, bibi."

Kabla ya mbio za mwisho, Halloran walikuwa wa pili. Walikuwa mbele ya shule ya Thornbury kwa pointi mbili tu.

Halina alisimama kwenye boti ya kamati, jicho moja limefumbwa, akitazama mstari wa kuanzia hadi kwenye boya la rangi ya chungwa. Mashua kumi na mbili zilisogea zikitetemesha matanga. Bibi Odegaard alihesabu kwa sauti kavu. Ilipobaki sekunde moja, pua ya mashua moja ilivuka mstari kwa nusu mita. Namba saba. Halloran.

Moyo wake ulimwambia afumbe na jicho la pili. Hakufumba.

"Saba imevuka! Bendera!"

Bendera nyeupe yenye msalaba wa buluu ilipanda. Halina alibonyeza honi. Matanga yalipiga kelele, watoto walipiga kelele, upepo ulizoa kila kitu. Alisubiri namba saba igeuke, irudi nyuma ya mstari, ianze upya kama kanuni inavyotaka. Haikugeuka. Ilikwenda moja kwa moja, ikaongoza kila boya, ikamaliza ya kwanza. Kwenye boti ya makocha Efraín aliruka juu na chini mpaka mwenzake akamshika ukosi asianguke.

Matokeo yalibandikwa saa tisa alasiri. Namba saba ilihesabiwa kuwa haikuanza. Halloran walikuwa wa tatu.

Simu ya Halina ililia kabla hajashuka ngazi.

"Bosi, umetufanyia nini?"

"Efraín, tulikubaliana tusizungum—"

"Honi haikulia!"

"Nimeibonyeza kwa kidole changu mwenyewe."

"Nilikuwa mita mia kutoka kwenu. Sikusikia hata kikohozi! Au ulitaka watu waone kwamba humpendelei bwana wako? Basi wameona. Watoto wangu ndio wamelipia."

Neno hilo lilimkata Halina mahali ambapo hakuwa amejikinga. Akajibu: "Kama una malalamiko, fomu ziko mezani. Una saa moja." Akakata simu.

Aliingia kwenye chumba cha kamati, akaketi bila kuvua jaketi lake la uokozi. Bibi Odegaard alivua kinasa sauti shingoni, akakiweka mezani, akakiwasha. Sauti ya Halina ilitoka, kali na wazi: "Saba imevuka! Bendera!" Baada yake ulisikika mpumuo mfupi, kama wa mtu anayepuliza mshumaa. Basi.

Halina aliutoa mkebe mfukoni. Barafu nyembamba ilikuwa imeukalia kuanzia chini hadi kwenye utepe mwekundu.

"Nimekuletea mwingine mara ngapi leo?" bibi aliuliza.

"Mara mbili."

"Tatu, mwanangu. Mimi ndiye ninayehesabu hapa."

Halina aliitazama saa ya ukutani. Dakika arobaini zilikuwa zimekwisha, na trei ya malalamiko ilikuwa tupu. Hilo lilimshangaza kuliko mkebe. Akapiga simu.

"Fomu yako iko wapi?"

"Sileti." Sauti ya Efraín ilikuwa imechoka.

"Kwa nini huleti?"

"Nikileta, watakuweka kitini wakuhoji mbele ya klabu nzima. Mashindano yako ya kwanza haya. Nimeshasema maneno mabaya, laazizi. Yanatosha."

"Kwa hiyo umewanyima watoto haki yao ili unifunike mimi?"

"Nimefanya hivyo kwa sababu nakupenda."

"Sikiliza, Mwalimu. Kuleta fomu si kunitukana. Ndiyo kazi ya fomu. Tusi ni kudhani kwamba mimi ni mtu wa kufichiwa." Akaongeza polepole: "Honi haikulia. Ulikuwa sahihi."

"Halina, ngoja—"

Hakungoja. Kanuni zinamruhusu msimamizi kuiombea marekebisho mashua iliyoumizwa na kosa lake yeye. Katika miaka yake yote ya mashindano hakuwahi kuona msimamizi akifanya hivyo. Alichukua fomu, akajaza kila mstari kwa herufi kubwa. Palipoulizwa nani alikosea, aliandika: *Mimi.* Aliiweka kwenye trei zikiwa zimebaki dakika sita.

Jopo la watu watatu lilikaa kwenye maktaba ya klabu, chini ya picha za viongozi wake wa zamani. Walisikiliza kinasa sauti mara mbili. Walimhoji Halina, naye akajibu bila kujitetea: alikuwa na mikebe mingine, aliletewa mara tatu, alikataa mara tatu. Mwenyekiti, jaji mstaafu, alivua miwani.

"Kwa nini ulikataa?"

Masikio ya Halina yaliwaka. "Mkebe ule nilipewa na mtu."

Mmoja wa wanajopo alikohoa. Mwenyekiti aliandika kitu, kisha akaeleza msimamo wa kanuni. Bendera bila honi haitoshi, hivyo mashua inaweza kurudishiwa nafasi yake. Lakini lipo sharti moja. Ni lazima nahodha awe hakujua kwamba amevuka. Aliyejua alipaswa kurudi, honi ilie isilie.

"Tuitie nahodha wa Halloran."

Halina alikwenda kumwita. Mlango wa ukumbi ulikuwa wazi kidogo. Nyuma ya mlango alisikia sauti mbili, na mkono wake ukasimama kwenye kitasa.

"Mwalimu, nikisema sikujua, tunakwenda fainali?" Alikuwa Tierney, nahodha wa namba saba, msichana wa miaka kumi na saba, mwaka wake wa mwisho shuleni.

Halina hakuusukuma mlango.

"Ndiyo," Efraín alisema.

"Na nikisema nilijua?"

"Hatuendi."

"Sasa niseme nini?"

"Usukani ulikuwa mkononi mwako, Tierney, haukuwa mkononi mwangu. Sema ulichokiona. Ukitoka humo na jibu lolote, nitakurudisha nyumbani kwa gari langu bovu lilelile, na Jumanne mazoezi saa tisa."

"Wenzangu watanichukia."

"Waambie waanze na mimi."

Halina alifuta macho kwa mkono wa jaketi, akasukuma mlango. Alisema tu, "Wanakungoja." Yeye na Efraín walitazamana kwa muda wa pumzi moja. Safari hii hakuna aliyevunja sharti.

Mbele ya jopo Tierney alisimama na nywele mbichi zimemganda shavuni.

"Niliona boya likiwa nyuma ya bega langu," alisema. "Nilijua tumevuka. Nikangoja honi. Haikulia. Nikasema, basi, twende."

Mwenyekiti aliweka kalamu chini. "Asante, binti. Umeifanya kazi yetu kuwa rahisi, nawe umeifanya yako kuwa ngumu."

Ombi lilikataliwa. Thornbury walichukua nafasi ya pili.

Saa kumi na moja makombe yalikuwa yametolewa. Kwenye gati watoto wa Halloran waliosha mashua zao kwa maji baridi. Mwanzoni walifanya kazi bila kusema, kisha mmoja akamrushia Tierney sifongo ya maji, Tierney akamrudishia, na kelele zikaanza. Halina alikuwa anakunja bendera. Efraín alikuja na koti lake la ngozi limelowa mabegani, mkononi ana kitambaa chenye tamale zilizopoa.

"Sharti limekwisha?" aliuliza.

"Limekwisha. Shikamoo, Mwalimu."

"Usinizeeshe. Nimekuja kuomba radhi. Kwa simu ya kwanza na ya pili."

"Ya kwanza nilistahili nusu."

"Lakini wewe nawe! Nukta ya tatu uliiandika mwenyewe, Bosi. Nimeisoma. Mkebe ubadilishwe. Mbona hukubadilisha?"

"Mwalimu mzima wa kemia, ulinipa gesi, sasa unaniuliza mbona ilipoa?" Kisha sauti yake ikashuka. "Sikubadilisha kwa sababu ulinipa wewe. Nilitaka kuushika siku nzima. Watoto wako wamekosa fainali kwa ajili ya utepe mwekundu."

"Wamekosa kwa sababu walivuka mstari. Nawe uliona, ukasema." Aliweka tamale juu ya pipa. "Ningemtafuta wapi mwingine wa namna hiyo? Halina, nina ombi."

Halina alitazama saa yake, uso mkavu kama karani. "Maombi hupokelewa kwa maandishi tu."

Efraín aliingia ndani akatoka na fomu ya malalamiko. Alichomoa moja ya kalamu zake tatu, akaandika akiwa ameinama juu ya pipa, akaikabidhi. Halina alisoma.

*Mahali pa tukio: Ashland, rafu ya honi. Shahidi: andazi moja. Marekebisho yanayoombwa: nikuoe.*

Chini kabisa palikuwa na nafasi ya uamuzi. Halina alimwomba kalamu. Aliandika neno moja: *Limekubaliwa.*

"Saa kumi na moja na dakika kumi na tisa," Bibi Odegaard alisema nyuma yao, akiandika kwenye daftari lake.

Efraín alimkumbatia, na kitu kigumu kikamchoma mbavuni. Halina alikitoa ndani ya jaketi. Ulikuwa mkebe wa utepe mwekundu. Barafu ilikuwa imeyeyuka, na bati lilikuwa na joto la mwili wake. Halina akaubonyeza.

Honi ililia kwa sauti ya kupasua masikio, shakwe wote wakaruka kutoka kwenye paa. Watoto waligeuka kwa pamoja. Tierney alisimama katikati ya mashua, sifongo mkononi, maji yakimchuruzika usoni.

"Sasa ndio unalia?" aliufokea ule mkebe, kisha akaangua kicheko, na wenzake wote wakacheka naye.