Mwanafunzi wa Saa ya Kafyu

Wanafunzi wote walikuwa wameshaondoka, lakini fidla ilikuwa bado inalia.

Kasyoka alisimama jikoni, mwiko mkononi, akatega sikio. Kwanza mumewe, Mwalimu Justus, alipiga kile kipande kifupi anachowafundishia wanaoanza. Kisha kipande kile kile kikarudiwa na mkono mwingine. Mkono huo haukukwaruza kama mikono ya wanafunzi. Ulivuta upinde taratibu, sauti ikatoka laini, ikapanda, ikamsisimua Kasyoka mpaka kisogoni. Halafu akamsikia Justus akisema, kwa upole ambao yeye mkewe alikuwa ameusahau:

"Vizuri. Vizuri sana."

Ulikuwa mwaka wa sitini na tano, Garissa, vita vya shifta, waasi wa Kisomali waliotaka kujitenga na Kenya, vimepamba moto. Jioni king'ora cha polisi kikishalia, kila mtu alitakiwa awe ndani ya nyumba yake, na askari wa doria hawakuwa watu wa kuuliza mara mbili. Sasa ni nani huyo aliyebaki darasani mpaka saa ya kafyu?

"Ulikuwa na nani?" alimuuliza Justus alipoingia kula.

"Peke yangu. Nilikuwa najaribu kipande kipya."

Alisema hayo akiitazama sahani. Shati lake lilinukia ubani, ule ambao wanawake hujifukizia nguo, na chini ya ubani kulikuwa na harufu ya tope la mto.

Justus alijifunzia fidla misheni, kwao Ukambani. Alipohamishiwa Garissa aliomba kibanda cha mabati kilichokuwa stoo, nyuma ya nyumba za walimu, akaanza kumfundisha yeyote aliyetaka. Alikuja Lazarus, karani wa kutoka bara, mtu mzima mwenye kitambi. Alikuja Rukiyo, mjukuu wa Fatumo muuza maziwa ya ngamia. Katika mji ambao watu walikuwa wanaogopana hata kusalimiana, wawili hao walikaa benchi moja na kucheka makosa yao pamoja. Justus alijivunia jambo hilo kuliko mshahara wake. Kasyoka hakuwahi kufundishwa. Hakuomba. Alikuwa anangoja aambiwe njoo, na miaka ilipita bila neno hilo.

Mkosi wa kwanza ulimpata Lazarus. Kifundo cha mkono wake wa upinde kilivimba ghafla, bila kuumwa na mdudu wala kugongwa, akashindwa hata kushika kalamu. Baada yake akafuata Rukiyo. Uzi wa fidla ulikatika ukamchana kidole, damu ikatapakaa kwenye gauni. Kasyoka ndiye aliyemfunga kitambaa.

"Pole, mwanangu. Uzi ulikuwa umechakaa."

"Si uzi," Rukiyo alinong'ona. "Ni yule mama. Alinibana kidole mpaka uzi ukakatika."

"Mama gani?"

"Anayesimama nyuma ya Mwalimu. Hataki sisi tufundishwe."

Kasyoka alipaswa kuhofia usalama wa mtoto. Lakini katika maneno yote hayo alishika moja tu: mama. Kumbe yuko mwanamke. Usiku kucha alikaa nalo kama mfupa kooni, akimtazama Justus amelala, vidole vyake vikichezacheza juu ya shuka kana kwamba anamshika mtu mkono.

Kesho yake, jua likianza kuteremka upande wa mtoni, alivua viatu akazunguka nyuma ya kibanda. Alikuwa ameshapanga matusi ya kumtukana mwanamke huyo, na alikuwa amepanga pia atakavyomshika nywele. Bati lilikuwa na tundu la msumari. Akaweka jicho.

Justus alikuwa amekaa peke yake, ameelekea kiti kitupu, anatabasamu. "Kiwiko kishushe kidogo," alisema, akanyoosha mkono akakishusha kiwiko ambacho hakikuwapo, na fidla, ambayo ilikuwa inaelea juu ya kiti kile usawa wa bega la mtu aliyekaa, ikainama kidogo kama iliyotii, na upinde ukaanza kwenda na kurudi wenyewe, taratibu, huku ubani ukizidi kuwa mzito mpaka ukamkaba Kasyoka koo pale nje alipokuwa, na tope la mto likadondoka tone baada ya tone chini ya kiti, na muziki ukawa mtamu kiasi kwamba, hata katika hofu ile, Kasyoka alijikuta anamwonea wivu huyo asiyeonekana, kwa sababu mume wake hajawahi kumtazama mtu yeyote kwa macho yale.

Muziki ukakatika. Fidla ikageuka kulielekea tundu.

Kasyoka alikimbia pekupeku. Hakwenda kwake, alikwenda kwa Fatumo, na king'ora kikamkuta huko.

Fatumo alimsikiliza mpaka mwisho, akavuta shela kichwani. "Astaghfirullah. Mjukuu yangu aliniambia, nikafikiri ni homa."

"Ni mtu wenu, ayeyo?" Kasyoka aliuliza, akimwita bibi kwa Kisomali. "Ni mwanamke wa hapa?"

"Habana, mama mwalimu," alisema Fatumo, p zake zikitoka b kama kawaida yake. "Huyo ni jini, hana kabila. Wenzake walikuwa bale mtoni kabla ya sisi, kabla ya nyinyi. Akisikia kitu kizuri anabenda, na akibenda hataki mwingine aguse." Akamshika mkono. "Kesho nakuja na kaka yangu, Sheikh Nuh. Mchana. Sasa lala, nje kuna bunduki."

Walikuja jua la utosi, saa ambayo mji wote ulikuwa umejilaza kwa joto. Justus walimkuta kibandani, hajala tangu jana, macho mekundu. Hakukataa kukaa kwenye mkeka. Sheikh Nuh, mzee mwembamba mwenye ndevu za hina, aliweka bakuli la maji mbele yake, kisha akamgeukia Kasyoka.

"Dada, atakuchokoza. Atasema maneno ya kukuuma. Usimjibu hata neno moja. Ukimjibu umemfungulia mlango. Umenisikia?"

"Nimesikia, Sheikh."

Sheikh alianza kusoma. Mabati yalianza kutetemeka ingawa upepo haukuwapo. Justus aliinamisha kichwa, na alipokiinua, sauti iliyotoka kinywani mwake ilikuwa ya mwanamke, ya chini, yenye kiburi.

"Kwa nini mnanifukuza? Mimi nimemdhuru?"

"Umedhuru wanafunzi wake," alisema Sheikh.

"Wale? Wanamkwaruzia roho. Kuna anayemsikia kama mimi? Anifundishe mimi tu, nami nitamtunza."

"Toka, kwa jina la Mwenyezi Mungu."

Akasoma tena, akamrushia maji. Mwili wa Justus ulijinyonga, akaanguka ubavu, na fidla iliyokuwa ukutani ikatoa mlio mrefu kama wa mtoto anayeachishwa ziwa. Fatumo alikuwa analia akisema "Allahumma, Allahumma," naye Kasyoka alikuwa ameuma kanga yake kwa meno ili asipige kelele, na ndipo kichwa cha mumewe kilipogeuka polepole, kikapita juu ya bega zaidi ya kichwa cha mtu kinavyopaswa kugeuka, kikamtazama yeye, kikacheka.

"Na huyu naye amekuja kudai nini? Mwulizeni, miaka yote amekaa jikoni anasikiliza, je, aliwahi kuambiwa njoo? Aliwahi kuambiwa vizuri? Hata mara moja?"

Fatumo alimziba Kasyoka mdomo kwa kiganja. Alichelewa.

"Ni mume wangu!" Kasyoka alipasua sauti. "Wangu mimi! Sitaki mwingine amguse!"

Mara kukawa kimya. Mabati yalitulia. Harufu ya ubani ikakatika, na Justus akakohoa, akauliza kwa sauti yake mwenyewe kwa nini amelowa maji. Fatumo alipiga vigelegele. Kasyoka alimkumbatia mumewe akilia kwa furaha, na mwili wake wote ulikuwa mwepesi.

Sheikh Nuh peke yake hakufurahi. Alimtazama Kasyoka kwa muda mrefu.

"Unajisikiaje, dada?"

"Vizuri, Sheikh. Vizuri sana."

Justus aliomba uhamisho, na mwaka uliofuata wakaondoka na msafara wa malori uliosindikizwa na askari, wakahamia Machakos. Huko hakukuwa na kafyu. Lazarus alipelekewa salamu, naye akajibu kwamba mkono umepona. Justus alianza kufundisha tena, sebuleni. Mwanafunzi wake wa kwanza alikuwa Wahu, mwuguzi kijana, mcheshi, mwenye sikio jepesi. Siku ya pili tu Justus alimwambia, "Vizuri." Kasyoka aliwaletea chai. Wahu alipoaga, Kasyoka alimsindikiza mpaka mlangoni, akampa mkono.

Wahu hakurudi. Justus alimsubiri, kisha akaenda kumtafuta hospitalini.

Kasyoka hakukumbuka alivyoingia sebuleni wala alivyoishusha fidla. Alishtukia tu imekaa chini ya kidevu chake, na vidole vyake, ambavyo havikuwahi kufundishwa, vinajua pa kwenda. Muziki ulikuwa mtamu. Alipofumbua macho, Justus alikuwa amesimama mlangoni, anahema.

"Vidole vya yule msichana havikunjuki," alisema. "Anasema ulimshika mkono ukamwambia maneno ya lugha asiyoijua." Hakuthubutu kuvuka kizingiti. "Wewe ni nani?"

Kasyoka alitaka kumwambia kwamba ni yeye, mkewe, asiogope. Lakini Justus alikuwa anamtazama yeye tu, bila kupepesa, kana kwamba duniani hakuna mtu mwingine. Akaona hakuna haraka ya kujibu. Akakishusha kiwiko kidogo, akaendelea kupiga.