Kifungo cha Koti la Mpiga Tarumbeta

Kila jioni fundi cherehani anapofunika mashine yake, binti yake huchukua mkasi mdogo na kukata nyuzi zinazoning'inia kwenye nguo za wateja. Ndiyo maana nyumbani wanamwita Mkasi. Akiona uzi umejitokeza, mkono wake hauombi ruhusa.

Jumapili moja fundi alifunga duka, akampeleka Mkasi na mdogo wake, Kimbunga, kwenye jumba la makumbusho katikati ya jiji. Kimbunga alitaka kuona kitu kimoja tu: mifupa ya nyangumi, ghorofa ya juu. Wiki nzima alikuwa akiizungumzia hadi akawachosha.

Ukumbi wa chini ulikuwa na koti jekundu la mpiga tarumbeta wa zamani, limezungushiwa kamba. Kifuani ulining'inia uzi. Mkasi akanyoosha mkono, akauvuta. Kifungo cha shaba kikadondoka! Akakiokota haraka, akakitia mfukoni.

Mlinzi wa ukumbi alikuja, akalitazama koti. "Nani amegusa hapa? Kifungo kiko wapi?"

Fundi hakumwangalia Mkasi hata kidogo. "Kimbunga! Si nilikwambia mikono nyuma?"

"Haki ya Mungu, baba, si mimi!"

"Nani mwingine? Juzi ulivunja kioo, jana bomba. Kaa kwenye benchi hapo na mlinzi. Huyo nyangumi utasimuliwa na dada yako."

Kimbunga akakaa, machozi yakimlengalenga. Mkasi alimfuata baba yake, lakini kwenye ngazi ya tano miguu ilimgomea.

"Baba, ni mimi," akasema, akakitoa kifungo mfukoni. "Niliona uzi."

Fundi akashusha pumzi. Wakarudi chini, na Mkasi mwenyewe akamkabidhi mlinzi kile kifungo na kuomba radhi.

"Afadhali umekileta," mlinzi alisema. "Kingepotea, tusingepata kingine kama hiki."

"Nipe sindano, dakika moja tu," fundi akasema.

"Wee fundi! Nawe usiguse! Wapo wenye kazi hiyo."

Fundi akamgeukia Kimbunga. "Nisamehe, mwanangu. Nimekuhukumu bila kukusikiliza." Kisha akamwambia Mkasi, "Kuvuta uzi ni mazoea, na mimi ndiye niliyekuzoesha. Lakini kunyamaza mwenzako akiadhibiwa kwa kosa lako, hilo sikukufundisha. Ukikosea, sema mapema."

"Nimekuelewa, baba. Kimbunga, nisamehe."

"Yameisha," Kimbunga akajibu. "Twendeni basi!"

Wakapanda ngazi wote watatu, mikono nyuma, fundi akiwa wa kwanza.