Ugonjwa Umehamia Wapi

Mjomba wetu Spana alilileta lile gari nyumbani asubuhi moja ya jua zuri, likivutwa kwa kamba, mkewe akiwa amesimama mlangoni na futi ya kushonea shingoni. Lilikuwa gari la zamani, la milango miwili na taa za mviringo. Lilikuwa limekaa miaka na miaka katika banda la jirani, hadi matairi yakalala chini kama ndala zilizochakaa, na panya wakazalia ndani ya kiti cha nyuma. Spana alilizunguka kimya akilishika hapa na pale, kama mtu anayechagua mchumba.

"Naona umeniletea mke mwenza," mkewe akasema. "Na mzee hivi?"

"Mzee, lakini ana heshima. Hajibu."

Ndivyo walivyoishi. Yeye fundi magari, mkewe fundi cherehani; uwani mafuta machafu, barazani vipande vya vitambaa, na katikati utani usiokwisha. Watoto hawakujaliwa, na walishaacha kulizungumzia. Kila mmoja alikuwa mtoto wa mwenzake.

Gari walipewa na mjane wa nyumba ya pili, aliyetaka banda lake liwe wazi. Alilitoa bure, kwa neno moja tu: Spana alibomoe, aliuze chuma chakavu, afanye atakavyo, ila asilitibu. Marehemu mumewe, alisema, alikuwa akiliendesha na ugonjwa wake vivyo hivyo. Spana akacheka. Kumwambia hivyo fundi ni kumwonyesha mwenye kiu mtungi, kisha ukamkataza kuugusa.

Mafundi husema gari linaumwa, linatibiwa, linapona. Kwa Spana maneno hayo yalikuwa na mkia wake wa nyumbani. Akimaliza kurekebisha kitu alifuta mikono, akapiga boneti kofi dogo na kutangaza kwamba ugonjwa umehama. Mkewe, bila kuinua macho kwenye cherehani, aliuliza umehamia wapi. "Kwako," alijibu Spana. Na mkewe naye: "Haya, nimeupokea." Walisema hivyo tangu walipooana, kwa kila gari lililopita uwani kwao, na hawakuwahi kupata kingine zaidi ya kicheko.

Lile gari lilianza na kikohozi. Spana alilitia betri mpya na mafuta mapya, injini ikawaka kwa shida, ikawa inakohoa kwa mpango: mara mbili za karibu karibu, kimya kifupi, kisha moja ndefu. Akaifungua kabureta, akaiosha kwa petroli, akavizibua vitundu vyake kwa waya mwembamba. Alasiri injini ikavuma laini. Akapiga boneti. Umehama. Umehamia wapi? Kwako. Haya, nimeupokea.

Kulipokucha mkewe alikuwa anakohoa.

Ni vumbi la vitambaa, alisema mwenyewe. Alikuwa ameanza kushona nguo mpya za viti, maana mke mwenza hawezi kukaa uchi. Spana akakubali. Ila akiwa chini ya gari alikisikia kile kikohozi kikitoka barazani. Mara mbili za karibu karibu. Kimya kifupi. Kisha moja ndefu. Mkono wake ukasita kwenye nati.

Kisha gari likawa linachemsha. Rejeta ilikuwa imejaa kutu, maji yakitoka mekundu. Spana aliizibua, akabadili pia gasketi iliyoungua. Joto la injini likashuka, wakasema maneno yao, wakacheka. Jioni ile paji la uso la mkewe lilikuwa linaunguza. Hospitali walimpima damu, wakampima tena, majibu yakawa safi. Daktari alishauri apumzike na anywe maji mengi. Alikunywa kutwa nzima. Hakutoa jasho hata tone.

Dada mkubwa wa Spana, yaani mama yetu, alihamia pale kumwuguza. Yeye ndiye aliyetuhifadhia habari hii, na si mtu wa kutia chumvi.

Anasema Spana hakuliacha gari, bali alizidi kulikazania. Sababu sasa ilikuwa nyingine. Alitaka kumpeleka mkewe hospitali kubwa, safari ya mbali, alale kiti cha nyuma juu ya nguo alizozishona mwenyewe. Kilichobaki ni pigo moja tu. Injini ilikuwa inaruka: mapigo matatu, kisha pengo. Kati ya plagi zake nne, ya mwisho haikuwa ikichoma. Akaitoa, akatia nyingine. Injini ikatulia. Mkono wake ukainuka wenyewe juu ya boneti.

Akaushusha. Hakusema neno.

Dirisha la chumbani lilikuwa wazi.

"Umehama?" Sauti ya mkewe ilikuwa nyembamba.

Spana akarudi nyuma hatua moja.

"Umehamia wapi?"

Akauma midomo. Kule ndani akamsikia akicheka, kicheko kilichokatwa na kikohozi.

"Leo umeninunia. Haya, nimeupokea."

Alikimbia ndani. Mkewe alikuwa ametulia, macho darini. Spana akamlazia sikio kifuani, vile alivyozoea kulilaza kwenye mpini wa bisibisi kuisikiliza injini. Pigo. Pigo. Pigo. Pengo. Pigo. Pigo. Pigo. Pengo.

La mwisho halikuwa likichoma.

Alikwenda kwa mjane na mafuta yake mikononi hadi viwikoni. Mjane hakumkaribisha. Alisimama nyuma ya pazia la mlango na kuongea kwa kunong'ona, kana kwamba kuna kitu upande wa pili wa ukuta kinachotega sikio.

"Ulipoutoa, mwanangu, ulisema unakwenda wapi?"

Spana akatazama upande wa nyumba yake.

"Na yupo aliyepokea?"

Akaitikia kwa kichwa.

Mjane akamweleza kwamba marehemu naye alikuwa fundi, tena fundi hodari, na kwamba alilitibu lile gari zamani, kabla hajamwoa yeye. Wakati huo alikuwa na mke mwingine.

"Unarudishwaje, mama?"

"Ungekuwa unarudishwa," alinong'ona, "mimi nisingeolewa nyumba hii."

Spana alirudi akafanya ambalo fundi hafanyi. Aliokota plagi iliyokufa, akairudisha mahali pake. Akarudisha gasketi iliyoungua. Akaichafua kabureta kwa mchanga wa uwani, akamimina maji ya kutu kwenye rejeta. Alifanya kazi akijikata vidole, na kila alichokirudisha alikisindikiza kwa maneno: hamia kwangu, nimeupokea, mimi nimeupokea. Kisha akawasha.

Injini ikavuma laini.

Akachomoa waya za plagi. Ikavuma. Akachomoa ufunguo. Ikavuma. Akafungua betri, akaiweka chini mbali na gari. Ikaendelea, tulivu, kama paka aliyeshiba. Spana akalala juu ya boneti kwa kifua chake chote.

"Mimi hapa," alisema. "Nimeupokea. Mwache."

Injini ikasita.

Ikakohoa. Mara mbili za karibu karibu. Kimya kifupi. Kisha moja ndefu. Mvuke ukaanza kufuka puani mwa gari, injini yote ikaruka na kutetemeka, gonjwa kama siku ya kwanza. Spana akaanza kucheka na kulia kwa pamoja. Umerudi. Umerudi wote. Akageukia dirisha ampashe mkewe habari.

Dada yake alikuwa amesimama pale dirishani. Alimtazama mdogo wake. Akavuta pazia taratibu, akalifunga.

Gari lingali kwake, limeegemea ukuta, limefunikwa turubai. Hakuna anayelitaka, na Spana hana nguvu ya kulibomoa. Ufundi aliuacha. Mtu akimletea gari linaloumwa humwomba aondoke nalo kabla hajaeleza tatizo lake.

Tangu mazishi, kitandani hakurudi tena. Hulala mkekani, chini. Ni kitanda cha chuma, kipana, na upande wa ukutani alikokuwa akilala mkewe shuka hubaki na joto. Si joto la mtu aliyeamka sasa hivi. Ni joto la boneti ya gari lililotoka safari ndefu. Mama amefua mashuka, amebadili godoro, ameacha madirisha wazi msimu mzima wa baridi. Sisi sote tumeweka kiganja pale kwa zamu, na wote tumekiondoa haraka. Na ukikaa kimya ukasubiri, vyuma vya upande ule huanza kulia taratibu, ti... ti... ti, kama injini inavyolia inapoanza kupoa.

Haijapoa.