Mteja wa Jioni

Jambo lenyewe lilianza na gauni lisilo na pa kutolea kichwa. Shingo ilikuwa imeshonwa ikafungwa kabisa, na mshono ulikuwa safi, ulionyooka, wa mkono wa mama. Safari alilinyanyua akacheka, maana kucheka alikujua kuliko kushona. Alikuwa amekaa nyuma ya cherehani katika miji ya mbali isiyohesabika, na kote huko alichovuna ni hilo jina la Safari na kitambi.

“Mama, huyu mteja kichwa ataking’oa au?”

Mama hakucheka. Alikuwa fundi tangu Safari hajazaliwa, tepu ya kupimia haimtoki shingoni. “Punguza sauti,” alisema. “Asikusikie.”

“Nani?”

Akanyoosha kidole kwenye kioo kirefu cha wateja, mwisho wa ile sebule waliyoigeuza kibanda cha kazi. “Huyo anayekuja jioni. Namuuliza anataka mshono gani, hajibu. Ananikodolea macho tu.”

Safari akageuka. Kiooni hapakuwa na mtu ila yeye mwenyewe, na kitambi chake kimetangulia.

Kuanzia hapo mambo yakaongozana. Mkasi ulipotea, ukaonekana ndani ya sufuria ya wali. Pasi ilibaki ikiwaka juu ya kitambaa mpaka nyumba nzima ikanuka kuungua, na mama akaapa kwamba hakuigusa, ni yule mgeni. Kisha ikaja jioni ambayo Safari, akitoka kuoga, alisikia minong’ono sebuleni, akanyata ukutani na taulo lake kiunoni, akachungulia, akamwona mama amesimama gizani mbele ya kioo, tepu ameinyoosha mikononi, anapima kitu asichokiona mwanawe, anasema inua mkono, shusha, geuka basi mama, mbona unaniiga, mbona kila nikifanya na wewe unafanya, na sauti ikazidi kupanda hadi ikawa kilio, na mwanamume aliyejigamba kwamba majini ya dunia nzima ameyashonea suruali akajikuta ameng’ang’ania taulo lake kama mtoto.

“Kaka, ni yule marehemu,” dada yake alinong’ona jikoni. “Yule mama aliyefariki kabla hajachukua gauni lake la kijani. Amelifuata.”

Familia nyingine ingemdhania mwizi, au mchawi wa mtaani. Hawa walikuwa mafundi. Kwao hata mzimu ulikuja kudai nguo. Wakalipeleka gauni la kijani kwa wafiwa wakaomba radhi. Jioni ile ile, mama akalia tena.

Ndipo dada alipomleta mganga, mzee mmoja mkavu waliyemwita Mtaalamu. Alinusa kioo, akagusa paji la mama, akatoa hukumu. “Jini hili lina njaa ya mwili. Nitamchukua mama kesho alasiri, nimfungie kwangu. Hatakula mpaka jini litaje jina lake.”

“Akishindwa kulitaja?” Safari aliuliza.

“Litataja. Njaa haina ubishi.”

Safari alitaka kukataa. Badala yake alisikia mdomo wake ukisema, “Sawa, mzee.”

Kesho yake, akimfungia mama nguo za kwenda nazo, alikuta kitambaa kimekunjwa chini ya cherehani yake: gauni la mteja wa jioni, lililobakia pindo tu. Akalitandaza mezani. Fundi hahitaji kumwona mtu, nguo humwambia. Kifua chembamba. Mgongo umekatwa mrefu kuliko mbele, kwa mtu aliyepinda. Bega la kushoto limeshuka.

Mwili huo aliujua.

“Mama, simama kidogo.” Akachukua tepu, akampima bega, mgongo, kiuno, kisha akarudi kwenye gauni. Vilikuwa vile vile. Akarudia, akiomba akosee. Hakukosea.

Mlango ukagongwa. Dada aliingia na Mtaalamu, ambaye mkononi alikuwa na kamba.

“Yuko tayari?”

“Haendi,” alisema Safari. Akasimama kati ya mama na kamba.

“Kaka, unataka litumalize sote?”

“Dada, wewe ni fundi. Tazama bega hili. Nani huyu?”

Dada akapitisha kidole kwenye mshono, akamwangalia mama yao aliyesimama ameinama. Kiganja kikaenda mdomoni. “Ni yeye,” alisema. “Anajiona mwenyewe. Hajijui.”

Mtaalamu aliondoka akiwaonya. Asubuhi iliyofuata walimpeleka mama hospitali, naye daktari akamchunguza bila haraka. “Ni maradhi ya ubongo, yanaitwa demensia,” aliwaambia. “Si uzee tu, wala si jini. Hayatoki kwa kufukuzwa. Dawa zitasaidia kidogo, ninyi mtasaidia zaidi. Msibishane naye. Funikeni kioo. Na washeni taa mapema, jua likizama ndipo anapochanganyikiwa.”

Wakafunika kioo kwa shuka. Jioni ilipoingia Safari aliwasha taa zote, akakaa, akasikiliza. Kimya. Akaanza kupumua.

“Umepitia dirishani leo?” mama alinong’ona.

Nje giza limeshika, ndani taa zinawaka, na kioo cha dirisha kilikuwa kimemrudisha mteja mzima mzima. Safari alinyanyuka, akaenda kusimama ubavuni mwa mama yake, akamshika mkono.

Mama aliwatazama wale wawili wa dirishani.

“Leo hakuja peke yake. Kaja na jitu lenye kitambi.”

“Ni mwanawe huyo, mama.”

“Mwanawe?” Alisogea karibu na kioo, akakunja uso. “Basi mwambie aache kulia. Atanilowesha kitambaa.”