Nusu Punje ya Kaijage

Sihitaji kuaminiwa. Nina hasira, na mwenye hasira hana muda wa kutunga uongo. Anayetaka kubisha aje Nyabiyonza, nimwoneshe kilichopo kwenye migomba yangu.

Jumamosi ile nilifika Nkwenda saa kumi na mbili jioni, wanunuzi wa kahawa wakifunga maghala yao. Nilikwenda kununua semi. Miaka kumi na saba nimeendesha semi za watu. Gari likifika salama anasifiwa mwenye gari, likiharibika natukanwa mimi. Nilichoka. Nikauza nusu ya kibanja cha migomba alichoniachia baba, ile ya bondeni. Nusu ya juu, yenye nyumba na kaburi lake, nikaiacha. Mke wangu Salvina alilia siku mbili, kisha akaniambia, "Baba Vero, ukirudi na mkweche, lala humo humo."

Muuzaji aliitwa Mwesiga, mfanyabiashara aliyetokea Muleba, mtu wa maneno laini. Kwenye simu aliniuliza swali moja tu.

"Kibanja cha nyumbani bado unacho? Hujakiuza chote?"

Nilidhani anapima uwezo wangu. Nikamjibu bado ninacho. Akasema nije jioni, mchana hapatikani.

Nilipanga kwenda na fundi Yustus wa Kayanga, lakini pikipiki ilimharibikia njiani. Aliniomba nimsubiri mpaka kesho. Nikamwambia injini nilizozisikiliza mimi ni nyingi kuliko alizofungua yeye. Kiburi hicho nakilipia mpaka leo.

Uani kwa Mwesiga, nyuma ya ghala, kulikuwa na semi mbili. Ya kwanza nyeupe, rangi mpya inameremeta. Nikachomoa stiki ya oili, nikakuta oili nzito ajabu. Wameitia dawa ili isitoe moshi. Nikamwambia hiyo amtafutie mjinga.

Ya pili ilikuwa ya bluu. Rangi imepauka, kiti cha dereva kimebonyea upande mmoja. Lakini boliti za injini hazikuwa na alama hata moja ya spana, maana yake haijafunguliwa ovyo. Hiyo nikaipenda.

Sasa, gari la mkononi hukaguliwa likiwa baridi. Injini mbovu ukiipasha mapema inawaka kama mpya, inakudanganya. Kwa hiyo kabla ya yote unaweka kiganja juu yake.

Nikaweka kiganja.

Ya moto.

"Umeipasha," nikamwambia.

"Haijawashwa tangu Pasaka."

"Mwesiga, usinifanye mtoto."

"Fungua sanduku la betri uone."

Nikafungua. Hakukuwa na betri. Kulikuwa na utando wa buibui, na nyaya zimeota kutu.

Mwenye akili angeondoka pale pale. Mimi nilipandwa na hasira. Niliona ujanja tu, hata ule utando nikadhani kaupachika yeye. Nikamwambia alete betri, mimi nitakaa mle mle mpaka injini ipoe, kisha niiwashe mwenyewe.

Alikubali upesi mno. Akaniachia ufunguo, akaondoka bila kugeuka nyuma.

Nikapanda. Giza lilikuwa linaingia taratibu. Ndani kulinuka dizeli, na chini ya dizeli harufu nyingine... udongo mbichi, uliochimbuliwa muda si mrefu. Chini ya kiti chuma kilikuwa kinapoa.

Tik... tik... tik...

Mlango wa abiria ukafunguka.

Alikuwa mzee mwenye kofia ya sufu na koti zito la madereva. Uani kulimwagwa kokoto, lakini sikusikia hatua zake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, waitu." Sauti ndogo, kavu. "Umekuja kuichukua?"

"Nikiambiwa ukweli nitaichukua."

"Turbo imebadilishwa mara moja," akanong'ona. "Gea ya tatu usiilazimishe. Breki ya nyuma kushoto hukamata mvua ikinyesha. Injini... injini haijawahi kunisaliti."

Nikadhani ni dereva wa zamani aliyebaki pale kama mlinzi. Jioni nzima nilikuwa nimedanganywa, na huyu ananitajia ubovu bila kuulizwa. Hasira ikashuka. Nilimpenda yule mzee, nasema kweli.

Akatoa mfukoni kifurushi cha jani kavu la mgomba. Kahawa ya kutafuna, akamwani. Kwetu mgeni hupewa hiyo kabla ya neno lolote, na kuikataa ni kumtukana mwenyeji. Nimeitafuna tangu nina meno ya utoto. Mkono ulikwenda wenyewe.

Ndani mlikuwa na tunda moja tu. Akalibangua, zikatoka punje mbili. Moja akaiweka mdomoni mwake. Nyingine akaniwekea kiganjani.

Nikatafuna.

Ilikuwa na chumvi, na ladha ya chuma, kama mtu aliyejing'ata ulimi.

"Sasa utanipa mahali," akasema.

"Lifti? Mimi naelekea Nyabiyonza."

"Nyabiyonza panatosha."

"Basi twende, mzee wangu." Nilitamka hivyo, kwa mdomo wangu huu.

Tochi ya Mwesiga ikamulika kutoka langoni. Niligeuka kuitazama. Nilipogeuza tena shingo, kiti cha abiria kilikuwa kitupu na mlango umefungwa.

Tukafunga betri. Injini imeshapoa kabisa, na bado ikawaka kwa mguso mmoja, haikutoa moshi.

"Nimeongea na mlinzi wako," nikamwambia Mwesiga. "Huyo ni mtu mkweli."

Akanimulika mdomoni, penye mabaki ya kahawa. Akapunguza bei kabla sijaomba, akasaini mkataba ameuegemeza kwenye tairi.

Usiku ule ule nikaiendesha mpaka nyumbani, na kesho yake Yustus alikuja kwangu kuikagua. Aliiona tu akaachia begi la spana.

"Hii ni ya Kaijage."

Nikamwuliza Kaijage gani. Akanieleza. Dereva wa Nkwenda, aliyeuza kibanja chake chote ili anunue hiyo semi. Pasaka alikutwa amekufa kwenye usukani, moyo. Hakukuwa na mgomba hata mmoja wa kumzika chini yake. Wakamzika makaburi ya mji, katikati ya watu wasiojuana. Sisi tunaliogopa hilo kuliko kifo chenyewe.

"Alikuwa anavaa kofia ya sufu?" nikauliza.

Yustus akanitazama. "Alikupa nini?"

Nikamwambia. Akakaa chini.

"Tunda moja mkagawana, na lina damu? Clavery, huo si ukarimu. Huo ni omukago."

Babu zetu walifanya hivyo, kila mmoja akatafuna nusu yenye damu ya mwenzake, wakawa ndugu. Ndugu wa namna hiyo hanyimwi kitu. Si chakula, si kitanda, si kaburi.

Nilimpigia simu Mwesiga kwa hasira. "Ulijua!"

"Alinipa na mimi kahawa hiyo," akasema polepole. "Nikamwambia kibanja changu cha Muleba nilishauza. Akairudisha mfukoni." Akakata simu. Tangu siku hiyo hapokei.

Salvina akatoka jikoni. "Baba Vero, yule mgeni wako alilala wapi? Alfajiri kapita na jembe kwenye migomba. Kaniita shemeji."

Nilikimbia. Kando ya kaburi la baba, migomba mitatu imekatwa. Na shimo. Refu, pembe zake zimenyooka.

Nililifukia kwa hasira mpaka viganja vikachubuka. Asubuhi likawa wazi. Nikalifukia tena. Katekista alikuja na maji ya baraka, na likafunguka udongo bado umelowa maji hayo hayo. Betri nimezitoa, ziko chini ya kitanda changu. Kila asubuhi nikiweka kiganja, injini ni ya moto.

Kinachoninyima usingizi ni hiki: Kaijage alishazikwa. Sijui kama anahamia, au kama ananichimbia mimi nikalale badala yake. Mwesiga alijua na akanipa ufunguo. Mtu mzima, muumini, akaniacha mle ndani peke yangu. Sitamsamehe.

Leo mchana simu iliita. Dereva mmoja, Celestin, sauti ya kistaarabu.

"Shikamoo, kaka. Nasikia unauza semi. Nimechoka kuendesha za watu."

Nilifungua mdomo nimwambie asije. Naapa nilitaka kumwambia. Lakini huko kwenye migomba nikasikia jembe likipiga udongo... taratibu... mchana kweupe.

"Kibanja cha nyumbani bado unacho?" nikamwuliza.

"Ninacho, kaka."

"Basi njoo jioni," nikasema. "Mchana sipatikani."